USISEME KESHO! Habari za Moody, Muuza Viatu wa Chicago

Kijana, simama kidogo usome. Karatasi hii ni ya bure, hatukuuzii.

Najua una haraka. Labda umekuja uwanjani kusikiliza kwaya tu, labda umemfuata rafiki, labda ulikuwa unapita zako ukavutwa na vipaza sauti. Karibu sana. Huenda hata kanisani hujawahi kuingia, na ukisikia watu wanasema Yesu anarudi unaona ni maneno ya kutishia watoto. Sitaki kukutisha. Nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyewapa watu wiki moja ya kufikiri, siku saba tu, na siku saba hizo zikamuuma moyoni mpaka alipokufa.

Mtu huyo anaitwa Dwight Moody. Alizaliwa tarehe 5 Februari 1837 katika kijiji cha Northfield, jimbo la Massachusetts, kule Marekani. Usidhani kila Mzungu alizaliwa tajiri! Baba yake alikuwa mwashi, mtu wa kujenga kwa mawe na matofali. Mwaka 1841 baba alikufa ghafla, Dwight akiwa na miaka minne. Mama yake, Betsy, alibaki na watoto saba na mimba juu, na mwezi uliofuata akajifungua mapacha. Watoto tisa! Wanaomdai marehemu wakaja, wakabeba kila walichoweza kubeba, mpaka kuni zilizokuwa bandani. Na kule ni nchi ya baridi kali, kuni ni uhai.

Shule aliisoma kidogo sana. Kuandika kulimshinda, hata alipokuwa mtu mkubwa anayejulikana dunia nzima barua zake zilijaa makosa. Mimi ninayekuandikia nimeishia darasa la saba, kisha nikapata kozi ya Biblia, kwa hiyo nikisoma habari hiyo huwa nacheka na kumshukuru Mungu kwa pamoja.

Alipofika miaka 17, mwaka 1854, alichoka na kijiji. Si unajua hali hiyo? Akaenda mjini Boston kutafuta maisha. Akazunguka kutafuta kazi, hapati. Mwisho akamwendea mjomba wake aliyekuwa na duka la viatu. Mjomba akamchukua, lakini kwa masharti: asinywe, asicheze kamari, na kila Jumapili aende kanisani. Moody akakubali kwa sababu ya tumbo, siyo kwa sababu ya Mungu. Akawa anakaa kanisani anasinzia.

Huko kanisani kulikuwa na mwalimu wa shule ya Jumapili, jina lake Edward Kimball. Siku ya tarehe 21 Aprili 1855 mwalimu huyu alisukumwa moyoni aende kumwona kijana wake kazini. Alipofika dukani akasita. Akaogopa kwamba wenzake Moody watamcheka, akapita mlango kabisa, akaenda mbele. Halafu akajikaza, akageuka, akaingia. Akamkuta Moody nyuma ya duka anafunga viatu kwenye karatasi na kuvipanga. Akamwekea mkono begani, akamweleza jinsi Kristo anavyompenda na jinsi anavyomtaka. Maneno machache tu, na mwalimu mwenyewe aliona ameyasema vibaya. Lakini palepale, katikati ya viatu, yule kijana akampa Yesu maisha yake.

Angalia hapo. Kimball angesema nitakuja kesho, tusingekuwa na habari hii.

Usidhani alipookoka akawa mtu wa dini siku hiyo hiyo. Alipoomba kuwa mshirika wa kanisa wazee walimwuliza maswali, majibu yakamshinda. Wakamwambia asubiri ajifunze kwanza. Akasubiri karibu mwaka mzima. Hakususa, hakurudi nyuma. Wako wengi leo wakiambiwa neno moja tu na mzee wa kanisa wanaondoka moja kwa moja!

Mwaka 1856 akahamia Chicago, mji uliokuwa unakua mbio kama uyoga. Akauza viatu, na alikuwa hodari kwelikweli. Lengo lake lilikuwa kupata dola 100,000, pesa ambayo wakati ule ilikuwa utajiri mkubwa. Jumapili alikuwa anakodi mabenchi kanisani, kisha anaingia mitaani na kwenye nyumba za wageni kuwavuta vijana waje wayajaze. Baadaye akaenda sehemu mbaya ya mji, penye vilabu vya pombe na wezi, akakusanya watoto wa mitaani. Aliwapa peremende, akawafundisha habari za Yesu. Watu wakamwita Moody kichaa. Watoto wakawa mamia, na mwaka 1860 Abraham Lincoln, aliyekuwa amechaguliwa kuwa rais, alikuja kuwatembelea.

Lakini moyo wake ulikuwa bado uko kwenye zile dola 100,000. Kilichomtoa huko ni mtu anayekufa.

Mwaka huo huo wa 1860 mwalimu mmoja wa ile shule ya Jumapili alikuja dukani akiwa amechoka sana. Alikuwa anatoka damu mapafuni, na daktari alimwambia hana siku nyingi. Alitaka kurudi kwa mama yake afie huko. Lakini alikuwa na huzuni, na haikuwa huzuni ya kifo. Alikuwa na darasa la wasichana, tena wakorofi, na hakuna hata mmoja aliyeokoka. Sasa ataondokaje? Moody akakodi gari la farasi, akampakia mgonjwa, wakaenda nyumba kwa nyumba. Yule mwalimu alikuwa hawezi hata kutembea vizuri, uso umempauka, lakini anaingia, anamwita msichana kwa jina lake, anamsihi. Siku ya kwanza nguvu zikaisha. Akapumzika, wakaenda tena. Baada ya siku kama kumi wote walikuwa wamempokea Kristo. Usiku wa mwisho wakakusanyika wakaomba pamoja, na wale wasichana, ambao Moody hakudhani kama wanaweza kuomba, wakamwombea mwalimu wao mmoja mmoja. Kesho yake jioni wakaenda stesheni kumwaga. Treni ikaondoka naye, yeye amesimama mlangoni anawaonyesha kidole juu mbinguni.

Moody hakuweza tena kuuza viatu kwa raha. Alikuwa amemwona mtu aliye tayari. Kila kitu kimemwishia, afya, kazi, siku zenyewe, na bado haogopi, anahangaikia wengine tu. Akaacha biashara. Ile dola 100,000 akaisahau. Mwanzoni alilala kwenye benchi katika jengo la chama cha vijana Wakristo, YMCA, kwa kukosa pesa ya chumba.

Mwaka 1861 vikaanza vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vikaendelea mpaka 1865. Moody akaenda kwa askari, kambini na mahospitalini, mara nyingine karibu kabisa na mapigano. Huko mtu unamhubiria asubuhi, jioni unamzika. Wakati huo huo alimwoa Emma, mwaka 1862, mwanamke mpole mwenye akili aliyemsaidia hata kuandika barua zake. Mwaka 1864 akaanzisha kanisa Chicago. Mambo yakawa mazuri. Na mambo yakiwa mazuri, ndugu yangu, ndipo mtu anapojisahau.

Sasa tufike usiku ule.

Ilikuwa Jumapili tarehe 8 Oktoba 1871. Kiangazi kilikuwa kikavu, mvua hakuna, na Chicago ilikuwa mji wa mbao: nyumba za mbao, maduka ya mbao, hata njia za kutembelea kwa miguu ni mbao. Jioni hiyo Moody alihubiri kwenye ukumbi mkubwa, watu wamejaa. Alihubiri habari za Pilato, yule liwali aliyekuwa na Yesu mkononi mwake na hajui amfanyie nini. Alihubiri vizuri, watu wametulia kimya. Kisha alipomaliza akafanya jambo ambalo wahubiri wengi tunalifanya bila kufikiri. Akawaambia wachukue swali la Pilato waende nalo nyumbani, walifikirie wiki nzima, na Jumapili ijayo waje wakate shauri watamfanyia nini Yesu.

Mwenzake Ira Sankey, mwimbaji, akasimama kuimba wimbo wa mwisho. Kabla hajamaliza, kengele za moto zikaanza kulia huko nje. Magari ya zimamoto yanapita kwa kasi, watu wanakimbia. Mkutano ukavunjika.

Moto ulikuwa umeanza kwenye banda la ng'ombe upande wa pili wa mji. Chanzo chake hakijajulikana mpaka leo. Upepo ukaubeba. Ukaruka mto. Ukala ukumbi ule ule waliokuwa wamekaa, ukala kanisa la Moody, ukala nyumba yake. Usiku wa manane mkewe aliwaamsha watoto wao wawili wadogo akawavalisha haraka, wakapewa majirani wawatangulize salama. Kulikuwa na picha kubwa ya Moody ukutani, imechorwa na fundi maarufu, mkewe anaipenda sana. Akamwomba mumewe aibebe. Moody akakataa, akaona ni aibu mtu kuonekana anakimbia mji unaoungua huku amekumbatia sura yake mwenyewe. Watu wengine ndio waliikata kutoka kwenye fremu wakampa mama.

Moto ulizimika tarehe 10. Nyumba zaidi ya 17,000 zilikuwa majivu. Watu kama 100,000 hawana pa kulala. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 300.

Sasa fikiri. Wale watu wa ukumbini walipewa wiki moja. Hawakuwa nayo! Mkutano ule haukukutana tena kamwe. Wengine walitawanyika mijini, na Moody aliamini wako waliokufa usiku ule ule. Jumapili ijayo ilifika, ukumbi hakuna, kiti hakuna, mtu hakuna. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, akisimulia habari hiyo mbele ya watu wa Chicago, bado ilimchoma kama ya jana. Tangu hapo hakuthubutu tena kumpa msikilizaji wiki moja, wala siku moja.

Nami nina deni kama hilo, niseme ukweli. Siku moja nilihubiri kwenye stendi ya mabasi. Nilipomaliza, kijana mmoja mpiga debe akanifuata akitaka tuzungumze. Jua lilikuwa linazama, njaa inaniuma, sauti imekauka. Nikamwambia aje kesho asubuhi. Kesho nilifika mapema, hayupo. Wenzake wakaniambia amedandia lori usiku, amekwenda kutafuta maisha machimboni. Nilirudi pale siku nne mfululizo. Sijamwona mpaka leo, na simjui hata jina.

Turudi kwa Moody. Baada ya moto alikwenda New York kutafuta michango ya kuwajengea watu wa Chicago mahali pa kuabudu. Lakini moyo wake haukuwa kwenye michango. Kabla ya moto, kina mama wawili wa kanisani walikuwa wanamwambia wazi kwamba wanamwombea apate nguvu ya Roho Mtakatifu. Mwanzoni aliudhika kidogo, eti kwa nini hawawaombei wenye dhambi? Baadaye akaona wana haki. Basi huko New York, akitembea barabarani, Mungu akamshukia. Ilibidi aombe chumba kwa rafiki yake ajifungie peke yake. Mahubiri yakabaki yale yale, lakini watu wakaanza kuokoka kwa mamia.

Mwaka 1873 yeye na Sankey wakavuka bahari kwenda Uingereza. Kufika, kumbe wawili kati ya waliowaalika wameshakufa! Hata hivyo walianza, na kazi ikaenda mpaka 1875: Newcastle, Edinburgh, Glasgow, London. Kumbi za maelfu zikajaa. Na kila usiku, mahubiri yakiisha, kulikuwa na chumba pembeni ambapo mwenye kutaka kuokoka alikaa na mtu wa kumwelekeza na kumwombea, usiku ule ule. Moto wa Chicago ulimfundisha hivyo.

Mmoja aliyeokoka London alikuwa Edward Studd, tajiri aliyependa farasi wa mashindano. Mwaka 1866 farasi wake alishinda mashindano makubwa kuliko yote Uingereza. Alipookoka akauza farasi wake, akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa mikutano ya injili, akawa anawafuata marafiki zake mmoja mmoja. Alikuwa na miaka miwili tu. Mwaka 1877 akafa. Lakini mwanawe Charles naye aliokoka, akaja mpaka Kongo mwaka 1913 kuhubiri injili, na kaburi lake liko Ibambi alikofia mwaka 1931. Kama Edward Studd angeahirisha miaka miwili, hesabu mwenyewe.

Moody aliamini kwa moyo wote kwamba Yesu atarudi kulichukua kanisa lake, na kwamba anaweza kurudi saa yoyote. Lakini hakutaja tarehe. Alipokuwa mtoto wa miaka saba Wamarekani maelfu waliambiwa na mhubiri William Miller na wenzake kwamba Bwana anakuja tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ikapita, wakalia, wengine wakaiacha imani. Na kwetu Afrika Mashariki tumeona mabaya kuliko hayo: Kanungu, Uganda, mwaka 2000, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023, mamia walikufa kwa kuwafuata watu waliojifanya wanajua ya mwisho. Mtu akikupa tarehe, kimbia! Akikwambia acha shule, acha kula, uza shamba la baba yako uniletee mimi, kimbia mara mbili. Yesu mwenyewe alisema siku hiyo haijulikani. Katika Mathayo 25 wanawali kumi wote walisinzia, wote walikuwa na taa. Tofauti yao ilikuwa mafuta, na mafuta hayakopeshwi usiku wa manane.

Ndiyo maana Moody, mtu anayemngoja Bwana kila siku, alijenga mashule. Mwaka 1879 alifungua shule ya wasichana maskini huko kwao Northfield, na 1881 ya wavulana. Akaanzisha chuo cha Biblia Chicago ambacho kipo hadi leo. Vitabu vya nyimbo walivyotoa na Sankey viliuzwa mno, fedha nyingi sana, lakini hawakuzitia mfukoni, zikaenda kwenye kazi ya Mungu. Aliamka alfajiri kabla ya watu kusoma Biblia yake. Hivyo ndivyo alivyongoja. Bwana akija akukute kazini, tena mikono safi.

Je, hakuogopa kufa? Aliogopa. Mwaka 1892 alikuwa anarudi nyumbani kwa meli iitwayo Spree, na abiria kama 700. Katikati ya bahari kile chuma kinachozungusha pangaboi kilivunjika kikatoboa meli, maji yakaingia, ikaanza kuinama nyuma. Moody alikuwa amewahubiria wanajeshi wanaokufa, alidhani hofu ya kifo imemwisha. Ikamshika, akaona aibu. Akaomba mpaka amani ikarudi, akalala usingizi. Meli nyingine ikawaona, ikawavuta hadi Ireland. Nimependa kwamba alikiri. Wahubiri wengi tungesema tulikuwa simba siku hiyo.

Novemba 1899 alihubiri mara ya mwisho, mji wa Kansas City, kwenye ukumbi wa watu maelfu. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Unajua alihubiri nini? Habari za watu walioalikwa karamuni wakatoa udhuru: mmoja ana shamba, mwingine ana ng'ombe, mwingine ameoa. Akawasihi waje usiku ule. Kesho yake hakuweza kuendelea, wakampakia treni kurudi nyumbani.

Tarehe 22 Desemba 1899 alikufa kitandani kwake Northfield, familia imemzunguka. Hakupiga kelele, hakukatisha tamaa mtu. Aliwaambia anaona mbingu zimefunguka, akataja majina ya wajukuu wake wawili wadogo waliotangulia kufa, kama mtu anayewaona mlangoni. Walimzika kwenye kilima kidogo alichokipenda, karibu na nyumba aliyozaliwa.

Sasa wewe uliyeshika karatasi hii. Kwenye mkutano huu pia tutahubiri kesho, Mungu akipenda, lakini sikwambii uje kesho. Leo mahubiri yakiisha hatuzimi taa. Kushoto kwa jukwaa utaona turubai na mabenchi. Wahudumu wamekaa pale, akina dada wanawaona wasichana, akina kaka wanawaona wavulana. Hakuna atakayekudai pesa wala kukuuliza umevaa nini. Waambie tu jina lako na kwamba unataka kumpokea Yesu, watakaa na wewe hata iwe saa sita usiku. Ukiogopa kuchelewa gari la nyumbani, sema mapema, kuna ndugu watakusindikiza mpaka barabarani.